Berlin na Potsdam, kuufuata mwaka 1888

Katika historia ya Ujerumani, 1888 ni Mwaka wa Makaizari Watatu. Machi alikufa baba, Juni akafuata mwana, na mjukuu akakalia kiti. Sisi tuliolelewa Pangani mwaka huo tunaujua kwa jambo jingine kabisa, vita vya Abushiri dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na tangu shuleni nilitamani kuziona pande zake mbili kwa pamoja. Basi nilipoalikwa Berlin na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi huko miaka mingi, nilimwomba anipeleke mahali mwaka ule ulipopita, kuanzia Machi, kwa mpangilio wake.

Tulianzia barabara ya Unter den Linden. Mkabala na sanamu kubwa ya Friedrich Mkuu juu ya farasi pana jengo la rangi ya krimu, leo mali ya Chuo Kikuu cha Humboldt. Hapo ndipo alipoishi Kaizari Wilhelm wa Kwanza, na hapo ndipo alipofia tarehe 9 Machi 1888, akiwa na miaka 90. Dada alinionyesha dirisha la pembeni, ghorofa ya chini. Kila adhuhuri mzee alikuwa akijitokeza pale wakati walinzi wanapobadilishana zamu, na watu walikuja mjini makusudi kumwona. Jengo liliungua katika Vita vya Pili, kwa hiyo ndani si ile nyumba tena. Uso wake wa nje ulijengwa upya. Wanafunzi walikuwa wamekaa ngazini wanakula mikate yao. Mimi nilibaki naliangalia dirisha lile, maana mtu huyu ndiye aliyemtilia sahihi Carl Peters, mwanzilishi wa kampuni ya ukoloni, na wenzake ile hati ya ulinzi ya tarehe 27 Februari 1885, iliyoipa kampuni yao nguvu ya dola katika nchi ambazo Peters mwenyewe alikuwa amezipita kwa wiki chache tu.

Wiki mbili na siku chache baada ya Wilhelm kufa, Sultani Barghash naye alifariki Unguja. Mwezi ule ule mmoja, Berlin na Zanzibar zote zikabadilisha watawala.

Kwa barabara hiyo hiyo jeneza la kaizari lilipelekwa Charlottenburg kwa maandamano katikati ya baridi kali, nasi tukaifuata njia hiyo kwa basi. Kaburi lake liko ndani ya bustani ya kasri, mwisho wa njia yenye miti mirefu pande mbili, katika kijumba chenye nguzo kama hekalu la Wagiriki. Amelazwa pamoja na mkewe Augusta na wazazi wake. Mama yake, Malkia Luise, amechongwa katika marmari amelala usingizi, mguu mmoja umekunjwa juu ya mwingine, na kitambaa cha jiwe kimemfunika kiasi kwamba unaona umbo la goti chini yake. Watu wote walioingia nasi walimwendea yeye kwanza.

Lakini Charlottenburg mimi nilikwenda kwa ajili ya mwana. Friedrich wa Tatu alikuwa San Remo, Italia, baba yake alipofariki. Alikuwa mgonjwa wa saratani ya koo. Mei 1887 madaktari wa Kijerumani, Ernst von Bergmann akiwemo, walitaka kumpasua. Akaitwa Mwingereza Morell Mackenzie, akasema kwanza nyama ipimwe. Rudolf Virchow, bingwa wa fani hiyo, aliipima na hakuona saratani, na upasuaji ukaachwa. Februari 1888 ilibidi koo litobolewe aweze kupumua kwa mrija. Tangu hapo hakusema tena. Kaizari wa dola yenye jeshi lile alitawala kwa kuandika vikaratasi. Siku ya mazishi ya baba yake hakuweza kutoka. Alisimama dirishani katika kasri hili hili akaliangalia jeneza likipita.

Na hapa ndipo tarehe zinaponiuma. Aprili ile Malkia Victoria wa Uingereza alikuja Charlottenburg kumwona mkwewe, na wiki hiyo hiyo, tarehe 28 Aprili, Sultani Khalifa, aliyerithi kiti cha Barghash, alitia sahihi mkataba wa kuikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za mwambao wote, kutoka Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Nilimwambia dada hivyo tukiwa uani, chini ya madirisha yale. Akauliza, "Kwani Friedrich huyu si ndiye wanayemsema alikuwa muungwana?"

Ndiye. Potsdam utasikia sana habari hiyo. Tulikwenda kwa treni, tukashuka kituo cha Park Sanssouci, kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Neues Palais, kasri ambalo Friedrich alizaliwa mwaka 1831 na ambalo Juni mosi 1888 aliletwa kwa meli ya mtoni ili afie nyumbani. Ukumbi mmoja wa chini umepambwa kwa kombe na vito ukutani hadi darini. Mtu wa pwani lazima asimame pale atafute kombe anazozijua. Tarehe 8 Juni alimwondoa waziri wa mambo ya ndani, Robert von Puttkamer, na hilo likawa karibu tendo lake pekee kubwa. Tarehe 15 akafa, baada ya siku 99 za utawala. Siku hiyo hiyo mwanawe aliamuru askari walizingire kasri, mtu asitoe hata barua. Alizitaka karatasi za baba yake. Mama mtu, mjane wa saa chache, alikuwa ndani. Karatasi zilikuwa zimeshapelekwa Uingereza.

Kaburi lake liko upande wa pili wa bustani, kando ya kanisa la Friedenskirche, na kwa miguu ni mwendo mzuri. Nililitazama lile jiwe jeupe lenye sura yake yenye ndevu, nikawaza hoja ambayo wengi huipenda: kwamba angeishi, Ujerumani ingefuata njia nyingine. Kwa Ujerumani yenyewe labda. Kwa mwambao wetu siamini. Mkataba wa Aprili ulitiwa sahihi akiwa yeye ndiye kaizari na Bismarck ndiye kansela, na hakuna kilichosimamishwa.

Kilichofuata tulikitafuta katika mtaa wa Leipziger Straße. Jengo la Bunge ambalo watalii hupanga foleni kuliona lilifunguliwa 1894. Kabla ya hapo wabunge walikutana mtaa huu, kwenye kiwanja kilichokuwa cha kiwanda cha kauri cha mfalme. Leo panapita magari, na nyumba zimepangwa ofisi. Mwezi Agosti 1888 Emil von Zelewski, mtu wa kampuni ambaye wazee walimwita Nyundo, aliipandisha bendera ya kampuni Pangani bila ridhaa ya liwali, akaita askari wa manowari, wakaingia hadi msikitini. Watu wakaamka. Abushiri bin Salim kwetu, Bwana Heri Saadani, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Ndipo Januari 1889, mahali hapa, Bunge likaidhinisha marki milioni 2, na ofisa Hermann Wissmann akatumwa na askari aliowaandikisha Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski aliuawa Lugalo na watu wa Mkwawa mwaka 1891.

"Na mjukuu mtu," dada akauliza, "kaburi lake tunaliona lini?"

Wilhelm wa Pili hakuzikwa Ujerumani. Alikimbilia Uholanzi Novemba 1918 na alifia Doorn mwaka 1941. Tukiwa kituoni dada alishatoa simu, anatafuta nauli ya treni hadi Utrecht.