Kipandio cha Saba

"Mwambie fundi ngazi yake inalia usiku."

Mama mwenye nyumba aliyasema hayo kwa upole kabisa, nami niliyepokea simu nikadhani ananitania. Baba alikuwa anaoga. Alipotoka na taulo begani nikamfikishia ujumbe kama ulivyo. Akasimama palepale mlangoni. "Inalia wapi? Juu au chini?" Sikuwa nimeuliza.

Ilikuwa mapema Julai 2017. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nimechaguliwa kidato cha tano, na zilibaki siku chache niripoti shuleni. Miezi yote ya kusubiri nilikuwa kwenye karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam. Keko inajulikana kwa makochi na vitanda, na Babu mwenyewe alianza kwa kukereza miguu ya vitanda. Baba na mdogo wake ndio waliohamia kwenye ngazi. Tulitengeneza vipandio, mikono ya kushikia, vinguzo vinavyosimama chini ya mkono, na ile nguzo nene ya mwanzo ambayo kwetu iliitwa nguzo mama. Baba Mdogo alikaa kwenye mashine ya kukerezea tangu asubuhi, maranda yakimfunika hadi kwenye nyusi. Kaka alipiga randa. Mama alipiga msasa, akashika na daftari la fedha. Mimi nilikabidhiwa marundo.

Kwa mtu asiyejua mbao, kazi hiyo ingeonekana ya mtoto. Haikuwa hivyo. Mtiki unapotoka kupasuliwa umebeba maji mengi, na maji hayo yakitoka mbao inapungua. Urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kinachopungua ni upana. Baba alifuata kanuni aliyoachiwa na Babu: unene wa inchi moja, mwaka mmoja kivulini. Mbao zilipangwa juu ya magogo zisiguse ardhi, kila safu ikitenganishwa na inayofuata kwa vijiti ili hewa ipite, na kwenye vichwa vyake tuliandika mwezi na mwaka zilipoingia. Nani anapasua nini, lini, kwa kazi gani, yote yalitegemea maandishi hayo.

Tuliandika kwa chaki. Mwezi Machi, masika yalipoanza, bati likavuja upande wa ukutani na maji yakateremka usiku kucha juu ya marundo mawili yaliyopakana. Asubuhi chaki ilikuwa imefutika. Baba alikuwa Dodoma akipima ngazi ya mama huyu. Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia huko mwaka mmoja nyuma, watu wakijenga kwa kasi, na hiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza ya Dodoma. Nikachukua kalamu ya nta ya bluu, ili mvua isiniharibie tena, nikaandika upya. Rundo moja nililikumbuka vizuri. La pili lilikuwa ama la Februari 2015 ama la Novemba 2016. Nililitazama kwa muda. Mbao zote zilikuwa zimelowa, rangi moja. Nikaandika 2/15.

Baba aliporudi na vipimo, Kaka alikuwa ameshaambiwa kwa simu atoe mbao za zamani, na vipandio vilikwisha kupigwa randa. Mwezi Mei tukavipeleka.

Sijui kwa nini Baba aliamua kunichukua niende naye safari hiyo ya Julai. Alisema tu, "Utanishikia vifaa." Tulipanda basi Ubungo alfajiri. Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa. Kuanzia Gairo hewa ilibadilika. Midomo ilinikauka, ngozi ya mikono ikaniwamba. Baba alitoa mkono dirishani, akausugua kwa kidole gumba kama anayepima vumbi la msasa. Hakuongea tena mpaka tukafika.

Nyumba ilikuwa Kisasa, ghorofa moja, safi, ina harufu ya rangi mpya. Mama mwenye nyumba alikuwa mstaafu wa umri wa bibi yangu. Baba akamwamkia, "Shikamoo, Mama," akavua viatu, akapanda ngazi peku. Alipanda polepole, akihamisha uzito kutoka kisigino hadi vidole kwenye kila kipandio, sikio kalitega. Mimi nilimfuata kwa macho kutoka chini. Kipimo cha ngazi ile kilikuwa kizuri sana, na nasema hivyo hata leo: kimo cha hatua moja mara mbili ukijumlisha na upana wake unapata inchi 25, kwa hiyo mguu unaenda wenyewe bila kufikiri. Vipandio 18. Kwenye cha saba akasimama.

Kilikuwa kimepasuka katikati kufuata nyuzi za mbao. Tulikuwa tumekifunga mbele na nyuma kwa skrubu juu ya zege, na mbao ilipotaka kujikunyata haikupata pa kwenda, ikajichana. Kwenye vingine mwanya ulikuwa umefunguka nyuma. Sarafu ya shilingi mia mbili ilizama. Akashika vinguzo kimoja kimoja akavizungusha. Vingi vilizunguka. Ndimi zao zilikuwa zimepungua ndani ya matundu, gundi imeachia, na usiku baridi ikishuka kila kitu kilikuwa kinasogea na kulia.

"Mama," Baba akasema, "mbao hizi hazikuwa tayari. Nimekuletea kazi mbichi. Naivunja yote, naifanya upya, na hulipi hata senti."

Yule mama akajaribu kusema labda zibandikwe tu, zipigwe msumari. Baba akatikisa kichwa. Tukaanza kufungua.

Ubao mwembamba wa pembeni, ule unaoziba kichwa cha kipandio pale kinapogusana na ukuta, ulitoka bila taabu. Nyuma yake kichwa cha kipandio cha saba kilikuwa hakijakatwa wala kupigwa varnishi. Pale, kwa nta ya bluu, pameandikwa 2/15.

Baba alikiangalia. Akainamisha taa ya simu, akaangalia tena. Kisha akakipitisha kidole juu ya ile tano. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia la chai. Baba akakigeuza kipandio, maandishi yakaelekea ukutani, akaniambia, "Nipe bisibisi ya nyota." Nikampa. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka na nina hakika aliuona.

Usiku tulilala gesti karibu na stendi, chumba cha vitanda viwili. Taa ilipozimwa nikasema, "Baba, yale maandishi ni yangu."

"Najua. Tano yako ina kofia ndefu. Nimekufundisha kuandika mimi."

Nikamweleza habari ya bati, ya chaki, ya rundo lililolowa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Ulikumbuka, au ulikisia?"

"Nilikisia."

Kitanda chake kikalia. "Ungeacha wazi," akasema. "Rundo lisilo na tarehe nalijua la kufanya. Nakata kipande, napima uzito, nakikausha jikoni kwa mama yako, napima tena, najua limebeba maji kiasi gani. Lenye tarehe siligusi, naliamini."

Hakunikemea zaidi ya hapo. Nililia kimya nikiwa nimeelekea ukutani. Asubuhi, tulipokuwa tunamuaga mama mwenye nyumba, alinishika bega akamwambia Baba, "Una bahati, binti anakusaidia kazi." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Baba hakunizuia, alinyamaza, akanipa muda wa kutosha kabisa. Sikusema. Naumia kwa hilo kuliko ninavyoumia kwa tarehe.

Mimi nikaenda shule, na yaliyobaki nilisimuliwa na Kaka. Baba alinunua mtiki mwingine, mkavu, akaupeleka Dodoma ukiwa mbao tu, akaupanga kwa vijiti kwenye gereji ya yule mama. Ubao mmoja uliwekwa alama, na kila wiki kijana wa pale aliupeleka dukani kwenye mizani, akapiga simu kutaja uzito. Ulishuka, ukashuka, mpaka ukagoma kushuka. Hapo ndipo Baba na Baba Mdogo walipokwenda na randa zao, wakakatia kulekule. Safari hii matundu ya skrubu upande wa nyuma waliyatoboa marefu kidogo, ili kipandio kikijikunyata kiangazi na kutanuka masika kipate pa kutelezea. Walimaliza kabla ya mvua za Desemba. Fedha ya kazi hiyo ilitoka kwenye akiba ya kununulia mashine ya pili ya kukerezea, ambayo ilibidi isubiri.

Vipandio vya zamani vilirudishwa Keko kwa lori la mkaa. Baba hakuvitupa. Aliviacha miaka miwili mingine juu ya dari, kisha akavikata vibao vya chapati, tukagawa kwa ndugu na majirani. Kile cha nyumbani kwetu kimetokana na kichwa cha kipandio cha saba. Mama anakisugua kila siku, unga umeingia kwenye nyuzi zake, na ukikisimamisha dirishani ile bluu bado inasomeka.