Leo nimeinuka juu ya Ziwa Victoria

Jamani, nimesimama! Niko likizo Mwanza, rafiki yangu ananifundisha wingifoili, na bado mikono inatetemeka kwa furaha.

Ni mchezo wa majini: unapanda ubao, unashika kwa mikono bawa lililojazwa hewa, na upepo unalivuta. Chini ya ubao kuna foili: mlingoti unaoingia majini, mwishoni una mabawa madogo. Mwendo ukiongezeka, mabawa hayo yanaunyanyua ubao juu ya maji kama ndege inavyopaa, na ule mtikisiko wa mawimbi unakatika ghafla. Sijui niwaelezeje. Nilipiga kelele peke yangu huko!

Anayeanza hupewa ubao mkubwa, na hupiga magoti kwanza kabla ya kusimama. Bawa nililizoea nchi kavu, mchangani, na naona hapo ndipo somo lenyewe lilipo.

Sasa upepo wetu. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa inavuma kutoka ziwani, usiku inageuka. Wavuvi wanalijua hili tangu zamani. Kwa mwanafunzi, upepo wa mchana unamrudisha ufukweni badala ya kumpeleka mbali.

Vaeni boya na helmeti, foili inakata. Tulikwepa mawe na nyavu, na matete pia, maana konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji yaliyotulia kama ya humo. Hata hivyo nitapima kichocho baada ya wiki 6 hadi 8, na nyie msipuuze.

Kesho mchana tunaingia tena. Ndugu wa Mwanza mnaojua kuogelea, njooni mjaribu!