Kifuniko cha Ami

Ami yangu alikuwa na kifuniko cha alumini, kile kinachofunika kopo la kulia chakula la askari. Kopo lenyewe sikuwahi kuliona. Kifuniko kilikuwa kimebonyea upande mmoja, na ukingo wake umelainika kwa miaka mingi ya kufutwa na kidole. Alirudi nacho kutoka Uganda mwaka 1979, na mimi nilipoanza kupata akili nilikikuta kazini kwake, kwenye kituo cha kununulia karafuu upande wa Mtambile, kisiwani Pemba, kimening'inia kwenye msumari karibu na mizani.

Watu walimwita Koplo. Alikuwa ameshaliacha jeshi na kuajiriwa na serikali kupima karafuu za wakulima, lakini jina la cheo halikumtoka. Hata watoto tuliotumwa dukani tulimwamkia hivyo, "Shikamoo, Mzee Koplo," naye akiitika marahaba huku anaangalia kama tumevaa viatu.

Ninayotaka kuyaeleza yalitokea msimu wa 1994, nikiwa na miaka kumi na moja.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana, na bei ilikuwa chini sana. Indonesia, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilikuwa imeshapanda mikarafuu yake na kujitosheleza, kwa hiyo karafuu ya Pemba ikakosa mtu wa kuigombania. Baba alikuwa na eka tatu za babu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, na deni. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na hulipwa jioni ileile. Mtu aliyekwea mkarafuu tangu alfajiri humwambii asubiri mpaka karafuu zikauke.

Sisi watoto na mama tulikaa ukumbini tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, mpaka vidole vikawa vyeusi na kunuka wiki nzima, hata wali ukawa na ladha ya karafuu. Asubuhi tulianika kwenye majamvi uani. Karafuu inataka jua kali la siku tatu, nne, hata tano. Siku ya pili usiku vuli ikapiga. Tuliamka gizani tukakimbia kukunja majamvi, mama akivuta huku, kaka akivuta kule, na nyingine zikamwagika matopeni. Kesho yake kukawa na mawingu kutwa, na ya tatu jua lilitoka kidogo tu. Juu zilionekana zimekauka, nyekundunyekundu, za kupendeza. Baba alizisokota mkononi, akanyamaza, kisha akasema, "Tieni guniani."

Tulipakia magunia mawili kwenye gari la ng'ombe. Nilikwenda naye kwa sababu skuli ilikuwa imefungwa, na kwa sababu nilijivunia ami. Moyoni nilijua tutapita haraka. Ndugu wa baba yangu ndiye mwenye mizani.

Kituoni watu walikuwa wengi. Chini ya mwembe alikaa bibi mmoja mjane, ametandika kanga yake chini, anazigeuzageuza karafuu zake kwa kiganja. Hazikuzidi nusu pishi. Nilidhani anapumzika.

Zamu yetu ilipofika, ami alimwamkia baba kwa heshima kama kawaida, maana baba ndiye mkubwa. Akafungua gunia la kwanza. Hakuchota juu. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akakitoa kile kifuniko kimejaa karafuu za chini kabisa, akakifuta kwa kidole cha shahada mpaka zikawa sawa na ukingo, kipimo cha mfuto, hakuna hata punje iliyozidi. Akazimimina mezani. Akachukua moja, akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaikunja.

Karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio mdogo. Ile ilipinda, ikabaki imepinda.

Akachukua ya pili, nayo ikapinda. Ya tatu ilikatika lakini haikulia. Akaziinua puani, akazirudisha mezani.

"Kaka," alisema, tena kwa sauti ya chini, "hizi bado zina maji. Zirudishe juani."

Baba hakuelewa kwanza, au alijifanya hakuelewa. "Zitie daraja la chini basi."

"Hizi hazina daraja, kaka. Zikikaa ghalani zitaota ukungu na kuharibu za wenzako."

"Unaniambia mimi hivi? Mbele za watu? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

Kituo kizima kilikuwa kimya. Nilitamani ardhi ipasuke. Ami alikuwa anatokwa na jasho kwenye kidevu, nililiona linadondoka juu ya meza. Akaelekeza macho kule kwenye mwembe.

"Yule bibi nimemrudisha asubuhi," alisema. "Nikizipokea zako, yeye nitamtazama kwa uso gani?"

Baba aligeuka akamwona. Hakusema tena. Alifunga gunia mwenyewe kwa kamba, akakaza fundo kwa meno, tukarudi. Njia nzima hakunisemesha, na mimi nilimchukia ami yangu kwa chuki ya mtoto, chuki isiyo na kona.

Usiku ule, baada ya isha, ami alikuja kwa miguu. Alikaa kwenye baraza bila kukaribishwa, akasalimia, baba akaitikia salamu tu kwa sababu salamu haikataliwi. Mama alileta kahawa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimejilaza kwenye mkeka, wanadhani nimelala.

Kuhusu vita alikuwa hasemi. Tulijua yale ambayo kila mtu anayajua: kwamba Amin aliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, kwamba Mwalimu alisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao, kwamba vijana walivuka bahari kutoka huku visiwani, wakapanda treni mpaka Mwanza na meli mpaka Bukoba. Ukimuuliza zaidi alikuambia, "Kulikuwa na matope."

Usiku ule alieleza mwenyewe. Alikuwa koplo wa stoo, kazi yake kugawa chakula. Walikuwa wameshaichukua Masaka, wanaelekea Kampala, na magari ya vyakula yamebaki nyuma. Jioni moja ya Machi, kabla ya mapigano ya Lukaya, sufuria ya wali ilikuwa moja na watu wengi. Akaamua kugawa kwa kifuniko, kila mtu kimoja.

"Kwenye foleni alikuwapo mwenzangu wa Konde," alisema. "Mtu wa kwetu, kaka. Tumeingia jeshini siku moja. Nikamjazia mpaka wali ukafanya kichuguu. Nyuma yake kijana wa Songea. Mimi walikuwa wakiniita Pemba, yeye tukimwita Songea. Sufuria nikaiona inakwisha, nikampa hakikufika ukingo. Alitazama sahani yake. Akatazama ya mwenzake. Akanitazama mimi. Hakusema kitu, akaenda akakaa, akala."

Kahawa ilipoa. Nilisikia mdudu anajigonga kwenye chimni ya taa.

"Usiku wakatushambulia, Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na makombora yao. Tukarudi nyuma. Asubuhi wenzetu wakawazunguka kwa nyuma na sisi tukapanda tena. Nikamkuta kando ya barabara. Ameondoka duniani na kipimo pungufu, kaka. Na aliyempimia ni mimi."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nimeuma ncha ya kanga nisisikike.

Baba alikaa kimya muda mrefu mno. Kisha akauliza, "Kesho jua litatoka?"

"Litatoka, inshallah," ami alisema.

Lilitoka. Na kabla halijatoka ami alikuwa uani kwetu, amekunja suruali yake ya kazi mpaka magotini, anatandaza karafuu kwenye majamvi pamoja na baba. Hawakuwa wanazungumza. Mmoja alishika pembe hii, mwingine pembe ile, wakazitandaza nyembamba kama inavyotakiwa. Halafu akanawa miguu akaenda kazini.

Tulizirudisha kituoni siku ya tatu. Zilikuwa zimepungua uzito, na kwa mtu mwenye deni kila kilo inauma. Ami alizamisha mkono, akachota, akafuta, akaikunja moja. Ililia. Akaikunja ya pili karibu na sikio langu ili nami nisikie, akacheka kidogo. Daraja la kwanza. Baba alipokea fedha zake, akahesabu, akampa mkono mdogo wake mbele ya watu walewale.

Ami aliendelea na kazi ile mpaka alipostaafu, na sijapata kusikia mtu, hata wale aliowarudisha mara mbili au tatu, akisema kuwa Koplo alimpunja au alimzidisha. Pemba ni ndogo. Lingekuwapo neno, tungelisikia.

Alifariki mwaka 2016. Siku ya khitma ukumbi ulijaa, wengine wakakaa nje chini ya turubali, na niliwaona wazee waliokuwa wakileta karafuu zao wakati ule, sasa wanashikwa mkono na wajukuu. Walipofika kwenye dua, mwalimu aliinua kichwa akauliza majina ya marehemu wa kuombewa. Baba, ambaye kwa umri ule sauti yake ilikuwa imekwisha, alitaja jina la mdogo wake, akawataja wazee wao wawili. Mwalimu akadhani amemaliza, akainua mikono.

"Bado," baba alisema. "Na yule mwenzake wa Songea."