Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchoma Magugu Katika Shamba la Karoti, Denmark

Saa 11 alfajiri. Mwezi Juni, hapa Jutland, jua limeshachomoza, nami nimepiga magoti kando ya tuta nikitazama chini ya kipande cha kioo tulichokilaza juu ya udongo baada ya kupanda. Kioo huongeza joto, kwa hiyo karoti zilizo chini yake huota siku chache kabla ya wenzake. Leo vikonyo vyeupe vilivyojikunja vimeanza kuinua udongo. Hiyo ndiyo ishara niliyokuwa nikiingoja ili tuchome magugu kabla karoti zisizo chini ya kioo hazijachomoza, kwa sababu mbegu ya karoti hukaa ardhini hata wiki mbili, ilhali magugu yameshatoa majani mawili.

Saa 1 asubuhi. Napaka povu la sabuni kwenye viungo vya mipira ya gesi kutafuta mahali panapovuja, kisha najaza tangi la maji la tahadhari. Umande haujakauka, na jani lenye maji halichomeki vizuri, kwa kuwa joto huishia kuyakausha maji hayo.

Saa 4. Upepo umetulia. Trekta inakwenda kilomita 4 hivi kwa saa, na vichomeo vinapuliza moto juu ya tuta. Mgeni hudhani tunateketeza magugu yawe majivu, lakini tukifanya hivyo tutakuwa tunapoteza gesi bure. Joto la muda mfupi tu hupasua utando wa seli, na mmea ukakauka wenyewe. Nashuka mara kwa mara kulibana jani kwa kidole gumba na cha shahada: likibaki na alama ya kijani kilichokolea, mwendo wetu ni sahihi, lisipobaki nayo, napunguza kasi.

Saa 8 mchana. Mchicha pori umelegea wote. Nyasi zitachipua tena, kwani kikonyo chake kinachokua kimejificha chini ya udongo, na hizo tutazing'oa kwa mkono. Gesi hii inatoka kwenye mafuta ya ardhini, jambo linalonisumbua kwa dhati, ila kilimo hai hakiruhusu dawa za magugu, na nimewaona wafanyakazi wakiumwa migongo kwa palizi ya karoti changa. Kuchoma mara moja, kwa wakati wake, naona ni haki kwao.

Saa 11 jioni. Nazunguka mipaka ya shamba kuhakikisha hakuna jani kavu linalofuka. Karoti zikishachomoza, vichomeo havitapita tena kwenye matuta haya, maana miche yake michanga haihimili moto.