Opsho ya akiolojia kwa mwanafunzi wa kemia

Mwaka wa pili wa kemia tuliruhusiwa kuchukua opsho moja ya sanaa, yaani kozi ya kujichagulia. Wenzangu wengi walikwenda kwenye kozi iliyovuma kuwa ina A za bure. Mimi nilikaa kwenye kimbweta, benchi la kusomea la nje, na ratiba mbili, ya sayansi na ya sanaa, nikaanza na maabara. Praktiko zetu zilikuwa alasiri, saa nane hadi kumi na moja, na maabara haihamishiki. Mhadhara ukikupita utaazima daftari, lakini taitresheni, kile kipimo cha kudondosha kemikali tone kwa tone, ikikupita huazimi kwa mtu. Kila kozi iliyogusa saa hizo niliikata kwa penseli. Fasihi ikaondoka hivyo, na iliniuma. Zikabaki falsafa na akiolojia.

Kisha krediti. Kwa vyuo vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi, kujisomea kukiwamo. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa muhula wa wiki 15, unapata saa nane kwa wiki. Darasani utakaa kama saa tatu, zilizobaki ni za kusoma na kuandika. Watu wa sayansi hupata sapu, mtihani wa marudio, kwenye opsho kwa sababu wanahesabu zile za darasani peke yake.

Kozi zote mbili hazikudai kozi ya awali, na zote zilikuwa na koswaki (kazi za muhula) alama 40, UE (mtihani wa mwisho) alama 60. Kilichoamua ni mhadhara wa kwanza wa akiolojia, niliohudhuria kabla sijajisajili. Mada ilikuwa uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, Kagera. Mwaka 1976 wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga upya tanuri lao kwa udongo wa kichuguu. Shimo la chini walichoma ndani yake nyasi za kinamasi hadi zikawa kaboni, na mabomba ya udongo kutoka kwenye mivukuto yakaingizwa ndani kabisa ya tanuri. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika mwaka 1978 kwamba hewa ilipata moto ndani ya mabomba hayo kabla ya kufika kwenye mkaa, na ndiyo maana joto lilipanda sana. Wataalamu wengine wakapinga: tanuri hufikia joto hilo hata bila hewa kupashwa kwanza.

Kaboni, oksidi za chuma, taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, yote nilikuwa nayajua. Jipya kwangu lilikuwa kwamba vipimo vilevile vinatumika kutetea pande mbili, na mwanafunzi anatakiwa achague upande na autetee kwa maandishi. Maabara ilikuwa haijawahi kunidai hilo. Nikajisajili siku hiyohiyo, kabla dirisha la kubadili kozi halijafungwa.

Swali la insha ya kwanza lilihusu ubishi huohuo. Hapo mtu wa kemia hupoteza alama akiandika kama ripoti ya maabara: vifaa, hatua, matokeo, basi. Msahihishaji anatafuta msimamo, na anautafuta kwenye aya ya kwanza. Kila aya inayofuata ibebe ushahidi mmoja na namba ya ukurasa ulikotoka, na hoja ya mpinzani ielezwe kwa nguvu zake zote kabla hujaijibu. Mimi nilisimama na wapinzani, nikatumia hesabu za joto tulizofundishwa kwenye thamodainamiki, somo la joto na nishati.