Daftari la mwalimu

Kuna daftari moja dogo la jalada gumu, hadi leo nikilifikiria koo linanikaba. Lilikuwa la kocha wetu wa mpira, sisi tulimwita mwalimu tu ingawa hakuwahi kufundisha darasani hata siku moja, mchana alikuwa na kazi zake na jioni ndo alikuwa wetu. Humo ndani aliandika majina yetu wote, kila siku ya mazoezi aliyekuja anawekewa vema na aliyekosa anawekewa duara. Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, mwalimu kwa nini duara na sio mkasi kama walimu wengine? Akanambia mkasi ni kama umeshamalizana na mtoto, duara ni kwamba kuna kitu bado sijakijua, inabidi niende nikaulize.

Na kweli alikuwa anakuja kuuliza.

Niseme kwanza tulivyokuwa tunaishi. Umaskini wa mtoto sio kulala njaa tu, njaa ipo ndiyo, ila kinachochosha zaidi ni kuficha. Sare ni moja, imelowa, huendi shule. Kesho huendi kwa sababu jana hukuenda na utaulizwa mbele ya wenzako. Kesho kutwa kuna mchango haujalipwa, basi unajifanya kichwa kinauma. Siku mbili zinakuwa wiki, wiki inakuwa mwezi, na hakuna anayekuja kugonga kukuulizia, ndo mtoto anajifunza mapema sana kwamba yeye akikosekana hakuna pengo lolote. Hiyo kitu inakaa ndani kwa miaka, mimi nimeanza kuitoa juzijuzi tu.

Mara ya kwanza mwalimu kuja kwetu nilikuwa nimekosa mazoezi siku mbili. Jioni ya tatu namsikia mlangoni. Mama alishtuka akadhani nimeiba, maana mtu mzima kuja kuulizia mtoto wa kwetu ilikuwa lazima iwe kesi. Mwalimu akakaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema, "Habari za jioni mama, nimekuja kumuangalia mwanangu, beki yangu ya kulia imebaki wazi." Beki yangu. Nilikuwa nyuma ya pazia na niliyarudia yale maneno usiku mzima.

Ishu ilikuwa viatu, vilipasuka na mimi niliona bora nionekane mvivu kuliko nionekane sina. Hakunilazimisha niseme, nadhani alishaona. Wiki iliyofuata akaja na gunia, akatangaza kwamba kuanzia leo viatu vyote ni vya timu, hata wale waliokuwa na vyao waliombwa waviweke humo, mazoezi yakianza kila mtu anachukua vinavyomtosha na yakiisha anavifuta anavirudisha. Basi ikaisha, hakuna aliyejua tena nani anavyo nani hana. Nimeshaona watu wengi wakija kusaidia watoto, wanagawa jezi, wanapiga picha wanaondoka, sina ubaya nao, jezi zinasaidia, ila yule mzee alielewa kwamba mtoto maskini anahitaji kusaidiwa bila kuanikwa, na hilo linataka mtu anayekaa na watoto miaka, sio anayepita siku moja.

Vingine nitavitaja harakaharaka. Alitaka kuona ripoti za shule kabla ya mechi, sio kumfungia nje aliyefeli, ila aliyefeli alikuwa anakaa na mwenzake aliyefaulu nusu saa kabla ya mazoezi. Wasichana aliwapangia muda wa mapema ili wafike nyumbani kabla ya giza, akaenda mwenyewe kuwaomba wazazi wao. Na hakuwahi kukaa na mtoto mmoja peke yake mahali pa kujificha, kila kitu kilifanyika uwanjani mbele za watu. Zamani nilidhani ni tabia yake tu, sasa hivi nikiwa mzazi najua alikuwa anatulinda, na mzazi yeyote anayempeleka mtoto kwenye timu aanze kuangalia hapo kabla ya makombe.

Kuhusu mpira wenyewe niwe mkweli, kwenye kundi letu hakuna hata mmoja aliyecheza kwa kulipwa. Mimi kipaji sikuwa nacho. Ila nilipomaliza shule nikawa sina pa kwenda, mwalimu alinishika mkono akanipeleka kwa fundi umeme waliyekuwa wanafahamiana, akamwambia huyu kijana kwa miaka sita hajachelewa mazoezi. Basi, hakuongeza neno. Sikuwa na cheti cha maana, nilikuwa na lile daftari. Watu wanadhani umaskini ni kukosa hela, na hela kweli hatukuwa nazo, ila pia hatukuwa na mtu wa kusema namfahamu huyu. Leo naishi kwa kazi ya umeme.

Ndo maana stori ya LeBron James, yule nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, inanigusa sana, na sio sehemu ya vikombe. Kazaliwa 1984 Akron, Ohio, mama yake alikuwa msichana wa miaka 16, wakawa wanahamahama bila makazi ya kueleweka. Akiwa darasa la nne alikosa shule zaidi ya siku 80 kwa mwaka mmoja. Aliyemuokoa ni Frank Walker, kocha wa watoto hapo mtaani wa ule mpira wa Kimarekani, alikubaliana na mama yake wakamchukua akaishi na familia yake, akawa na muda wa kulala na muda wa kuamka na kazi za nyumbani kama watoto wao, na mwaka uliofuata hakukosa shule. Huyohuyo Walker ndo alimuonyesha mpira wa kikapu. Mwaka 2018 LeBron akafungua shule hukohuko Akron, I Promise, na wazazi nao wanasaidiwa, kuna chakula cha kubeba nyumbani na nafasi ya kumalizia masomo yao. Nikisoma vile najua kabisa imejengwa na mtu anayekumbuka kwa nini mtoto hafiki darasani.

Na Mathare, mtaa wa mabanda kule Nairobi, kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana wa hapo, ilianza 1987. Wao kwenye ligi timu inapata pointi ikishinda na inapata pointi pia ikisafisha mtaa, na kijana anayejitolea kufundisha wadogo au kuchezesha mechi anajikusanyia pointi zinazoweza kumlipia ada ya shule. Hii naipenda kupita maelezo kwa sababu yule asiye na kipaji kama mimi naye anahesabika, jasho lake linaandikwa mahali.

Mwalimu wetu alifariki. Daftari za mwanzo zilipotea, ila la mwisho familia yake walinipa mimi, kurasa za nyuma zilikuwa bado nyeupe nikaendelea hapohapo na kalamu yangu, majina ya watoto wapya chini ya majina yake. Jumamosi na Jumapili niko uwanjani. Gunia la viatu lipo.

Jumamosi hii nimeweka duara moja, mtoto wa miaka kumi, winga wa kushoto, hajaonekana siku mbili. Nikishapumzika kidogo naenda kwao.