Jani letu halina upungufu

Jumamosi iliyopita, katika duka la chai hapa Leicester, Uingereza, muuzaji alinieleza kwa upole kwamba chai ya Kenya ni ya kutia rangi kwenye vifuko, na kwamba nikitaka chai bora ninunue Darjeeling, chai ya milima ya India, gramu 50 kwa pauni 14. Aliye nyumbani anajua fedha hizo zingeinywesha familia chai kwa muda gani.

Darjeeling inastahili sifa zake. Majani yake ya mavuno ya kwanza, yanayochumwa kuanzia Machi baada ya mapumziko ya baridi, yana harufu ya maua, na ukiyatia maziwa umeyaharibu. Lakini sehemu kubwa ya tofauti anayoisema muuzaji yule huanzia kiwandani, kwa kuwa kule jani husokotwa taratibu bila kusagwa, ilhali letu hupitishwa kati ya roli zenye meno zinazolikatakata hadi likawa punje ndogo, mtindo ulioanzia Assam, India, katika miaka ya 1930, ili litoe rangi na ukali kwa dakika chache tu. Kazi hiyo PF1 yetu, daraja la chai ya punje ndogo, inaifanya vizuri mno, na wachanganyaji wa Uingereza hawaachi kuinunua katika mnada wa Mombasa.

Wewe unayejiandaa kuja, tia sandukuni nusu kilo ya chai ya nyumbani, kwa sababu vifuko vya hapa, hata vyenye jani letu ndani, vimechanganywa kwa ajili ya kikombe na maziwa baridi kidogo, wala si kwa sufuria inayochemka na tangawizi.

Kinachoniuma ni kwamba mkulima wa Nandi au Kirinyaga naye huchuma kwa mkono majani mawili na chipukizi, na kiwanda cha Kangaita hutengeneza pia chai ya majani yaliyosokotwa, ambayo hunywewa bila maziwa na bila haya mbele ya chai yoyote. Hata hivyo, India iliisajili Darjeeling kama jina linalolindwa kisheria, na kila pakiti halali hulibeba jina hilo hadi dukani, ilhali chai yetu nyingi huondoka Mombasa kwa magunia na kufika kwenye rafu za hapa chini ya jina la mchanganyaji, bila hata kutajwa kilima ilikochumwa.